Nguruwe jike wa Boston: kesi iliyoligawa Baraza Kuu la Massachusetts, 1636–1644

## Kisa kwa ufupi

Mwaka 1636, katika mji wa Boston uliokuwa na umri wa miaka 6 tu, nguruwe jike aliyeonekana akizurura bila mwenyewe alipelekwa kwa mfanyabiashara mmoja tajiri. Miaka 8 baadaye, Machi 1644, chombo kilichotawala koloni nzima ya Massachusetts Bay kiligawanywa kikawa vyumba viwili: mahakimu chumba chao, wawakilishi wa miji chumba chao. Kati ya matukio hayo mawili shauri lilipita kwa wazee wa kanisa, mahakama ya mji, jopo la raia walioapishwa, shahidi aliyekiri kuwa aliapa uongo, na siku saba za mjadala usiotoa mshindi.

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaosomea uongozi na utatuzi wa migogoro. Mambo mengi tunayoyajua yametoka katika shajara ya gavana John Winthrop, ambaye mwenyewe alistaajabu jinsi jambo kubwa namna ile lilivyozuka kwa sababu ndogo. Msomaji azingatie kwamba Winthrop alikuwa mmoja wa waliopiga kura, na kura yake ilikuwa upande wa mshtakiwa. Majina ya wenye kesi nimeyaondoa. Aliyemtunza nguruwe nitamwita Mfanyabiashara, mwanamke aliyemdai nitamwita Mlalamikaji, na kijana aliyekuwa akiishi nyumbani kwa mwanamke huyo nitamwita Mpangaji. Viongozi nimewataja kwa majina kwa kuwa walitenda kwa vyeo vyao.

## Usuli: kampuni iliyogeuka serikali

Waanzilishi wa koloni hii walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe mabaki ya ibada ya Kikatoliki. Machi 1629 Mfalme Charles I aliwapa hati ya kampuni. Ilisema kampuni itaongozwa na gavana, naibu wake na wasaidizi 18, na kwamba wanachama wote wenye kura watakutana mara nne kwa mwaka katika mkutano ulioitwa Baraza Kuu. Ilikuwa hati ya watu wa biashara, wa hisa na shehena. Lakini Agosti mwaka huohuo baadhi ya wakuu wa kampuni walikubaliana kuhamia Amerika na kuibeba hati yenyewe. Mwaka 1630 meli 11 zenye watu wapatao 700 zikavuka Atlantiki chini ya Winthrop, na tangu hapo kanuni za mkutano wa wanahisa zikawa ndiyo katiba ya nchi.

Jambo hili ndilo mzizi wa kesi yetu. Baraza Kuu lilitunga sheria, likatoza kodi, likagawa ardhi, likachagua viongozi, na pia likasikiliza mashauri. Hakuna aliyeketi akapanga liwe hivyo. Kampuni ilikuwa na mkutano mmoja, kwa hiyo serikali ikawa na mkutano mmoja.

Wasaidizi, ambao watu waliwaita mahakimu, walikuwa wachache, na mwanzoni walitaka kushika kila kitu. Wananchi hawakukubali. Mwaka 1632 watu wa Watertown walikataa kulipa kodi iliyotozwa bila wao kushauriwa. Wakaitwa, wakakemewa, wakakiri kosa. Lakini mwaka huohuo kila mji ukaruhusiwa kutuma watu wawili kushauriana na wakuu kuhusu kodi. Mwaka 1634 wananchi waliomba waonyeshwe hati. Walipoisoma waliona kuwa mamlaka ya kutunga sheria yalikuwa ya Baraza Kuu zima, si ya mahakimu peke yao. Ndipo wawakilishi waliochaguliwa na miji walipoingia barazani kwa haki kamili, na Winthrop akashindwa uchaguzi wa ugavana mwaka huo.

Sasa watu wa aina mbili waliketi chumba kimoja. Septemba 1634 waligongana mara ya kwanza, juu ya ombi la watu wa Newtown kuhamia Connecticut. Wawakilishi wengi walikubali, mahakimu wengi wakakataa, na mahakimu wakadai kwamba bila ridhaa yao hakuna kinachopita. Mchungaji John Cotton alihubiri, hasira zikatulia. Mwaka 1636 kanuni ikaandikwa: jambo lolote, ili lipite, lazima liungwe mkono na walio wengi miongoni mwa mahakimu na pia walio wengi miongoni mwa wawakilishi. Watu waliiita haki hiyo ya mahakimu sauti ya kukataa. Sisi tungeiita kura ya turufu.

Kuhusu dini, nataka kuondoa dhana moja iliyoenea. Tangu 1631 ni wanaume waliokubaliwa kuwa washiriki kamili wa kanisa tu walioweza kupata kura, na hilo liliwaacha nje wanaume wengi na wanawake wote. Hata hivyo wachungaji hawakushika vyeo vya serikali, na kutengwa na kanisa hakukumvua mtu cheo chake cha kiserikali. Kanisa lilikuwa na baraza lake, serikali ilikuwa na lake, na mtu mmoja aliweza kujibu shauri lilelile kote kuwili. Mfanyabiashara wetu alijibu kote kuwili.

## Usuli: mnyama huyu na mtu huyu

Nguruwe wa koloni hawakufungwa zizini muda wote. Walizurura wakijitafutia chakula, na miji ilitoa amri nyingi juu yao: nani ajenge uzio, nani alipe shamba likiharibiwa. Mnyama aliyepotea alikuwa jambo la kila wiki. Aliyemwokota alitakiwa kupiga mbiu ili mwenyewe ajitokeze.

Mfanyabiashara alikuwa ametoka London mwaka 1635, tayari akiwa na mali. Aliuza bidhaa zilizoagizwa kutoka Uingereza, na katika koloni isiyokuwa na viwanda kila mwenye kuhitaji msumari au kitambaa alipitia kwa watu kama yeye. Novemba 1639 Baraza Kuu lilimtia hatiani kwa kujipatia faida ya kupindukia: katika bidhaa fulani zaidi ya peni 6 kwa kila shilingi ya mtaji, yaani zaidi ya nusu, na katika vitu vidogo zaidi ya mara mbili ya gharama. Akatozwa faini ya pauni 200, ambayo baadaye ilipunguzwa. Kanisa nalo lilimwita, akakiri kwa machozi, akaonywa bila kutengwa. Hata katika shauri hilo wawakilishi walitaka faini ya 200 na mahakimu walitaka 100. Mstari uliokuja kupasuka mwaka 1642 ulikwisha kuonekana.

Halafu uchumi ukaanguka. Katika miaka ya 1630 wahamiaji wapatao 20,000 walikuwa wamehamia New England, na wakulima waliotangulia waliishi kwa kuwauzia wageni mifugo na nafaka. Kufikia 1640, Uingereza ilipoelekea kwenye vita kati ya mfalme na bunge, meli za wahamiaji zilikoma. Bei ya ng'ombe iliporomoka kwa zaidi ya nusu. Wenye madeni walibaki na madeni yaleyale na mifugo isiyonunulika, na waliokuwa wakiwadai walikuwa ni haohao wafanyabiashara.

## Mfuatano wa matukio

Nguruwe alipofikishwa kwake, Mfanyabiashara alipiga mbiu mara kadhaa. Watu wengi walikuja kumtazama, hakuna aliyesema ni wake. Karibu mwaka mzima alikaa uani pamoja na nguruwe jike mwingine, wa Mfanyabiashara mwenyewe. Kisha Mfanyabiashara akamchinja mmoja. Yeye alisema aliyemchinja ni wake.

Ni baada ya hapo ndipo Mlalamikaji alipokuja. Alikuwa mwanamke wa kipato cha chini, mume wake akiwa Uingereza wakati huo, na alikuwa amepoteza nguruwe. Alionyeshwa aliyebaki. Hakuwa na alama alizozitaja. Mlalamikaji hakuondoka akisema, basi wangu yuko kwingine. Aliondoka akisema: kumbe aliyechinjwa ndiye wangu.

Habari zikaenea mjini. Shauri likaletwa kwanza kwa wazee wa kanisa la Boston, kwa kuwa muumini alikuwa anatuhumiwa wizi. Wazee walisikiliza mashahidi wengi, wakamsafisha Mfanyabiashara.

Hapa anaingia Mpangaji. Alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka London, akiishi nyumbani kwa Mlalamikaji mume hayupo. Mfanyabiashara alikuwa amemshtaki kwa gavana juu ya ukaazi huo wenye kutia shaka. Kijana alikuwa na kisasi chake, na Mlalamikaji alikuwa na madai. Kwa msukumo wake shauri lilipelekwa mahakama ya chini ya Boston. Jopo la raia lilisikiliza, likamsafisha Mfanyabiashara kwa mara ya pili na kumpa pauni 3 za gharama.

Mfanyabiashara hakuishia hapo. Aliwafungulia wote wawili shauri la kumchafulia jina, kwamba wametangaza kuwa ameiba nguruwe, akashinda: fidia ya pauni 20 kutoka kwa kila mmoja.

Ni vizuri kuipima fedha hiyo. Mwaka 1633 koloni ilikuwa imeweka kikomo cha ujira: seremala stadi asilipwe zaidi ya shilingi 2 kwa siku anapojilisha mwenyewe. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo pauni 20 ni ujira wa fundi stadi wa siku 200, kwa maneno yaliyosemwa kuhusu nguruwe mmoja.

Mpangaji akazunguka mji na vijiji akitafuta kitu cha kumwangusha mshindi. Akakipata. Mmoja wa mashahidi wa Mfanyabiashara alisimama katika mahakama ya Salem akakiri kwamba aliapa uongo. Kwa silaha hiyo ombi likaandikwa kwa Baraza Kuu, kwa jina la ukoo wa mume wa Mlalamikaji, kuomba kesi isikilizwe upya. Baraza likakubali. Ilikuwa 1642.

## Siku saba barazani

Mahakimu walikuwa 9, wawakilishi 30. Sehemu kubwa ya siku saba ilitumika kuhoji mashahidi na kujadili. Watu 39, waliosafiri kutoka miji yao kuja kushughulikia ulinzi, kodi na mdororo wa biashara, walikaa wakipima alama za nguruwe aliyekwisha kuliwa.

Kura zilipohesabiwa zilitoka hivi. Kwa Mlalamikaji: mahakimu 2 na wawakilishi 15. Kwa Mfanyabiashara: mahakimu 7 na wawakilishi 8. Wawakilishi 7 walisema hawana hakika. Kwa kanuni ya 1636 hapakuwa na uamuzi, kwa sababu hakuna upande uliopata walio wengi kwa mahakimu na kwa wawakilishi kwa pamoja. Mahakama ya chini ilikuwa imeamua, Baraza Kuu halikuamua, basi hukumu ya awali ilibaki.

Nje ya chumba watu walijumlisha kwa njia rahisi: 17 kwa 15. Maskini ameshinda kwa kura, tajiri ameshinda kwa kanuni.

Nchi ilikuwa imetegemea Mfanyabiashara aangushwe. Alipobaki wima, maneno yakaenea kwamba sauti ya kukataa imezuia haki, na kwamba mahakimu hao waondolewe ili mamlaka hayo yaondoke nao. Richard Bellingham, aliyekuwa gavana mwaka uliotangulia, alikuwa upande wa Mlalamikaji, na uwepo wa mtu wa cheo kile uliwapa wawakilishi ujasiri.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Winthrop, aliyekuwa gavana tena tangu Mei 1642, aliamua kuandika na kusambaza maelezo ya kesi. Sababu yake inaeleweka: aliamini watu wamekasirika kwa kuwa hawajui ushahidi, na wakiujua watatulia. Kwa upande wa ushahidi nakubaliana naye. Mbiu ilipigwa, mwaka ulipita, mdai alikuja baada ya uchinjaji, na maelezo yake ya alama hayakulingana na mnyama aliyeonyeshwa. Wazee wa kanisa na jopo la raia, watu tofauti, walifikia jibu moja. Lakini maandishi yake yalikuwa na ukali, na waliokuwa upande wa pili walijisikia wamedharauliwa. Mwaka 1643 ilimbidi asimame mbele ya Baraza Kuu. Aliomba radhi kwa namna alivyosema, na akashikilia alichokisema.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwaita wachungaji wa makanisa watoe ushauri. Hawakuwa na kura wala mamlaka ya kuhukumu. Waliitwa kwa kuwa waliaminiwa na pande zote mbili, na baada ya kusikia ushahidi wengi wao walisema hawaoni sababu ya kuipindua hukumu. Bellingham hakuridhika.

Halafu Mfanyabiashara akashauriwa arudishe zile pauni 3 za gharama. Pauni 20 za fidia hakuwa amezichukua. Ushauri huu ulilenga kumwachia Mlalamikaji kitu mkononi bila kutamka kwamba mahakama ilikosea.

Swali kubwa, la sauti ya kukataa, lilibaki wazi. Wawakilishi walitaka ifutwe: watu wote wahesabiwe pamoja, kichwa kwa kichwa. Winthrop aliandika hoja ndefu kuitetea mwaka 1643. Kwake, kuwaacha mahakimu wazidiwe kwa idadi kulikuwa sawa na kuibadilisha serikali iwe utawala wa umati mtupu, aina ya utawala ambayo hakuiona popote katika Maandiko Matakatifu. Sioni kwamba hoja hiyo ina nguvu aliyodhani inayo. Hati ya mfalme haikuwapa mahakimu kura ya turufu kwa maneno ya wazi, na wawakilishi waliisoma hati hiyo wenyewe mwaka 1634. Aliposema kwamba jambo zito lisiamuliwe watu wakiwa na hasira, hapo alisema kweli. Suala likaahirishwa.

## Matokeo

Mapema Machi 1644 Baraza Kuu lilipitisha amri fupi. Mahakimu wataketi peke yao, wawakilishi peke yao. Muswada utakaopita upande mmoja utapelekwa upande wa pili, na ukikubaliwa kote kuwili utakuwa sheria. Wawakilishi wakapata chumba na spika wao.

Ukiisoma amri hiyo haraka utaona mahakimu ndio walioshinda, kwa sababu bila ridhaa yao bado hakuna kilichopita. Lakini wawakilishi nao walipata kitu walichokikosa tangu 1634: kujadiliana bila gavana na mahakimu kuketi mbele yao, watu wale wale ambao kesho wangeweza kuwahukumu. Na sauti ya kukataa sasa ilionekana wazi kuwa ya pande zote mbili. Bunge la jimbo la Massachusetts lina vyumba viwili hadi leo, na jina lake rasmi bado ni lilelile la Baraza Kuu.

Mfanyabiashara aliishi hadi 1656. Wosia wake, alioanza kuuandika 1653, ulifikia maneno yapatayo 50,000, sehemu kubwa ikiwa utetezi wa jina lake juu ya faini ya 1639 na juu ya nguruwe. Ndani ya wosia huohuo aliachia mji wa Boston pauni 300 za kujengea jumba la mji. Lilijengwa, likawa na soko chini na kumbi za mahakama na za Baraza Kuu juu.

Mlalamikaji hakupata nguruwe.

## Uchambuzi

Nianze na hatua za chini, ambazo husahauliwa kwa sababu hazikuleta kelele. Zilifanya kazi. Sheria ya mbiu ilikuwepo na ilifuatwa. Wazee wa kanisa walisikiliza mashahidi badala ya kumkingia kifua muumini tajiri. Jopo la raia lilifanya kazi yake. Na mwanamke asiye na kura aliweza kulifikisha shauri lake hadi chombo cha juu kabisa, jambo ambalo halikuwa dogo mwaka 1642. Desemba 1641 koloni ilikuwa imepitisha mkusanyo wa haki ulioandikwa na Nathaniel Ward, mchungaji wa zamani wa Ipswich, na kifungu kimojawapo kilimruhusu mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, mwenye kura au asiye na kura, kwenda mbele ya baraza lolote la umma na kutoa ombi au lalamiko. Kwa sheria ya Kiingereza ya ndoa, mke hakuweza kushtaki kwa jina lake peke yake, ndiyo maana jina la mume lilitumika. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Kosa la kwanza kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa ile fidia ya pauni 20. Mfanyabiashara alikuwa na haki ya kisheria ya kulinda jina lake, na mahakama ilikuwa na uwezo wa kutamka kwamba amesingiziwa. Ingetosha. Kumtwika maskini deni la siku 200 za kazi, miaka michache tu baada ya mshindi mwenyewe kutiwa hatiani kwa kuwanyonya wateja, kuligeuza kesi ya mnyama kuwa kesi ya matajiri na maskini. Kwamba hakuzichukua fedha hizo hakukusaidia, maana hakusema hivyo mapema na kwa sauti. Kuanzia siku hiyo, kila aliyekuwa na deni dukani aliona kesi ile ni yake.

Ndiyo sababu siwalaumu sana wawakilishi 15. Winthrop alidhani wengi wao walipiga kura kwa huruma kwa maskini na chuki kwa tajiri, na Wapuritani waliijua vizuri amri ya Mambo ya Walawi kwamba katika hukumu asipendelewe maskini wala asistahiwe mwenye nguvu. Lakini wawakilishi walichaguliwa kusema yaliyo moyoni mwa miji yao, na mwaka 1642 miji ilikuwa imebanwa. Ukiwachukua watu wa kazi hiyo ukawaketisha wawe mahakimu wa ushahidi, watakuletea walichotumwa kuleta. Wa kulaumiwa ni utaratibu uliochanganya kazi mbili katika kiti kimoja.

Kuna pengo jingine lisilotajwa mara nyingi. Mkusanyo ule wa 1641 uliruhusu mtu asiyeweza kujitetea atafute wa kumsemea, kwa sharti kwamba msemaji huyo asilipwe chochote. Wapuritani waliwaogopa mawakili wa kulipwa, waliowaona kuwa wachochezi wa ugomvi. Matokeo yake ni kwamba Mlalamikaji, asiye na mume karibu na asiye na elimu ya sheria, aliangukia mikononi mwa mtu pekee aliyekuwa tayari kumsemea bure, na mtu huyo alikuwa na kisasi. Wakili wa kulipwa angeweza kumwambia ukweli mchungu baada ya uamuzi wa wazee: mnyama uliyeonyeshwa hana alama zako, aliyechinjwa huwezi kumthibitisha, acha. Mpangaji hakuwa na sababu ya kumwambia hivyo. Kama Mlalamikaji angeacha, Mpangaji angepoteza.

Shahidi aliyekiri kuapa uongo alikuwa jambo zito, na baraza lilikuwa na wajibu wa kulichunguza. Swali lililopaswa kuulizwa ni moja: tukiutoa ushahidi wake, je, hukumu inasimama? Hilo lingeweza kupewa kamati ndogo. Badala yake kesi yote ilifunguliwa, mashahidi wote wakarudishwa, na shauri ambalo lingeisha kwa asubuhi moja likala wiki ya nchi.

Sasa hesabu ya kura, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaosimulia kisa hiki huteleza. Husemwa kwamba walio wengi walimtaka Mlalamikaji ashinde na mahakimu wakawazuia. Kura 17 katika 39 si walio wengi. Walio wengi ni 20. Wawakilishi 15 katika 30 nao ni nusu kamili, hawakuwa wengi hata chumbani mwao. Kwa maana hiyo Mlalamikaji asingeshinda hata kama mahakimu wasingekuwa na uzito wa pekee, kama kanuni ingedai walio wengi wa waliokuwepo. Lakini sioni dalili kwamba kuna kiongozi aliyeutangazia umma hilo kabla ya kura, wakati lingeeleweka kuwa kanuni na si hila. Kanuni ya 1636 ilizaliwa katika mvutano wa sera na ikaja kutumika bila marekebisho katika kesi ya watu wawili. Katika sera, kushindwa kukubaliana maana yake ni kusubiri. Katika kesi, kushindwa kukubaliana ni ushindi wa aliyetangulia kushinda, na aliyeshindwa huliona hilo mara moja.

Kuhusu viongozi baada ya mgogoro kuwaka, nampa Winthrop sifa kwa kuomba radhi hadharani, na nawapa wote sifa kwa kuahirisha. Kati ya kura ya 1642 na amri ya 1644 kulikuwa na uchaguzi, kikao cha wachungaji, maandishi ya hoja na majibu yake. Suluhisho lililopatikana halikumtaka yeyote akiri kwamba alikuwa na kosa, na nadhani ndiyo sababu lilikubalika.

Lakini kugawa vyumba hakukugusa kiini cha kesi. Baraza Kuu liliendelea kusikiliza mashauri, sasa likiwa na kuta mbili badala ya moja. Mwaka 1645 watu wa Hingham waligombana juu ya nani awe kapteni wa wanamgambo wao. Winthrop, safari hii akiwa naibu gavana, aliamuru baadhi yao waweke dhamana, nao wakamshtaki kwa kuvuka mamlaka yake. Vyumba viwili vilivutana kwa wiki kadhaa kabla ya kumwachia huru na kuwatoza faini walioleta ombi.

Kilichokuja kujibu dai la wawakilishi kwa ukamilifu zaidi ni kazi nyingine waliyokuwa wakiisukuma miaka yote hiyo. Walitaka sheria ziandikwe na zisomeke, ili hukumu isitegemee busara ya hakimu wa siku hiyo. Mahakimu waliivuta miguu, wakihofu kufungwa mikono na wakihofu macho ya London. Mwaka 1648 kitabu cha sheria na haki za koloni kilipigwa chapa Cambridge, Massachusetts, kimepangwa kwa alfabeti ya mada, na kikauzwa kwa umma.